Daftari la Siku: Vuli Mlangoni

Wasomaji wangu, juma lililopita hamkuniona katika ukurasa huu, nami nawaomba radhi. Kazi za ofisi zilinizidi. Kwa sababu hiyo leo nawaletea siku kumi na moja badala ya saba, tangu tarehe 10 hata tarehe 20 Oktoba. Ni siku zenye mambo mengi katika kalenda, na kwetu sisi watu wa Machakos ndizo siku ambazo mkulima hulala jicho moja wazi, kwani vuli i mlangoni.

Wageni hudhani ya kuwa masika ndiyo mvua ya kutumainiwa kila mahali katika Kenya. Kwetu Ukambani sivyo. Masika ya Machi hata Mei hutuhadaa mara nyingi. Vuli ya Oktoba hata Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kimepima mvua kwa miaka mingi, na wastani wake ni yapata milimita 700 kwa mwaka mzima, zikigawanyika katika misimu hiyo miwili. Si nyingi. Mkulima akikosea siku chache tu za kupanda, amekosea chakula cha nusu mwaka.

TAREHE 10 OKTOBA. Jua kali tangu asubuhi. Vumbi jingi barabarani. Kipimamvua kitupu.

Leo ni sikukuu. Wazee wenzangu waliikuta ikiitwa Siku ya Moi. Baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni. Na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira, siku ya kupanda miti. Haifai kuitaja bila kumkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha mwendo wa Green Belt mwaka 1977, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Nishani ya Nobel ya Amani. Yeye alianza na vitalu vidogo vya akina mama. Basi nawaomba ndugu zangu, leo chimbeni mashimo, mchanganye samadi na udongo wa juu, lakini mche wenyewe ungoje ardhi ilowe. Mti uliopandwa katika vumbi kwa ajili ya kupigwa picha hukauka kabla ya picha kusahauliwa.

Jioni mama alinipigia simu kutoka nyumbani, upande wa Masii. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, mbegu niliyo nayo ni debe moja la mahindi, na vibaba vichache vya kunde na ndengu. Ikiharibika sina ya pili. Nipande sasa katika vumbi, au ningoje? Daftari lako lasema nini?"

Yafaa niwaeleze habari ya daftari hilo. Miaka kadha iliyopita mama aliniuliza swali lilo hilo, nami kwa kiburi cha mtu aliyesoma nilimwambia asipande hata mvua ithibitike kabisa. Alinitii. Mvua ikaja, akangoja. Ikaja tena, nami nikasema angoje kidogo. Alipopanda, majirani walikuwa wakipalilia. Mwezi wa Desemba mvua ikakatika wakati mahindi yake yanatoa mbelewele, wala hayakuzaa. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Mwaka huu ng'ombe watashiba mabua." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Tangu siku ile mama ana kopo lake la kupimia mvua, mjukuu wake hulisoma kila asubuhi, nami huandika.

Nilimjibu kwamba nipe usiku mmoja nisome.

TAREHE 11 OKTOBA. Mawingu mchana, upepo kutoka mashariki, joto zito. Mijakaranda ya mjini imechanua, na njia ya kwenda ofisini ni kama imetandikwa kitambaa cha zambarau.

Watu wengi husema ya kuwa kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza saa ile ile mwaka mzima. Si kweli kabisa. Siku hizi huchomoza Machakos kama saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Lakini katikati ya Februari huchelewa hata kama dakika arobaini baada ya saa kumi na mbili. Anayeamka kwa jua badala ya saa atafika kazini amechelewa mwezi wa Februari, wala asimlaumu jogoo wake.

Jambo la pili kuhusu jua: mwishoni mwa Septemba lilipita juu ya utosi wetu likielekea kusini. Mvua hulifuata jua, lakini haiandamani nalo bega kwa bega. Huja nyuma yake kwa majuma kadha. Ndiyo maana Oktoba ni mwezi wa kungoja.

Nililisoma daftari usiku. Jambo moja lilijitokeza nisilolitazamia. Nilidhani nitaona ya kuwa adui wetu ni kuchelewa kwa mvua. Kumbe adui mkubwa ni mvua ndogo inayotangulia: milimita tano, saba au kumi, kisha kimya cha siku nyingi. Msemo wetu wa kale wasema mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia. Nawaheshimu wahenga, lakini nadhani walimaanisha mvua ya kwanza iliyo mvua, si manyunyu ya kwanza.

Nilimpigia mama simu, nikamwambia: "Gawa debe lako. Nusu ipande sasa, wakati ardhi ni kavu kabisa, na mashimo yawe na kina cha vidole vinne, mvua ndogo isiifikie mbegu. Nusu iliyobaki ifunge, ungoje mvua kubwa." Akacheka. Akasema, "Hivyo ndivyo nyanya yako alivyofanya. Nilitaka kujua kama vitabu vimekubali."

TAREHE 12 OKTOBA. Manyunyu usiku. Kopo la mama, saa tatu asubuhi: milimita 7. Alikuwa amekwisha panda nusu ya kwanza jana alasiri kwa plau na ng'ombe wa jirani.

Siku kama ya leo mwaka 2019, katika mji wa Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40; naye alikuwa mtu wa kwanza kuumaliza mwendo huo chini ya saa mbili. Mbio hizo hazikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa waongoza mwendo walipokezana njiani, jambo lisiloruhusiwa katika mashindano. Jambo ninalolipenda mimi ni kwamba yeye mwenyewe hufahamika kwa kuandika mazoezi yake daftarini. Mtu mwenye miguu ile hakuona haya kushika kalamu.

Mama asema kijiji kizima kimeamka na plau. Kila mtu anapanda, kwa kuwa ardhi imelowa juu juu na harufu ya udongo imewapanda watu kichwani. Kijana mmoja jirani yetu, aliyeoa mwaka huu na kupewa shamba lake la kwanza, amepanda mbegu yake yote, kina cha vidole viwili, na ameinunua dukani kwa fedha taslimu.

TAREHE 13 OKTOBA. Jua. Mawingu yametawanyika kama kondoo wasio na mchungaji. Kopo kavu.

Umoja wa Mataifa umeitenga siku hii iwe ya kuwakumbusha watu kupunguza madhara ya maafa. Wazee wetu wa Ukambani hawakuwa na siku maalumu ya jambo hilo, bali waliyatia maafa majina yasisahauliwe. Njaa ya mwaka 1898 na 1899 waliiita Ngomanisye. Njaa ya mwaka 1961 wakaiita Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa sababu baada ya ukame mvua kubwa mno ilikata barabara, na chakula kikadondoshwa kutoka angani. Njaa ya mwaka 1984 ikaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali nimeshika mkononi, kwa sababu watu walikuwa na fedha lakini chakula cha kununua hakikupatikana.

Majina hayo ni kalenda. Ukimwuliza bibi wa zamani alizaliwa lini, atakutajia njaa. Lakini yana upungufu mmoja: huhifadhi miaka mikubwa na kuacha siku ndogo. Hakuna aliyeupa jina mwaka ambao mvua ilinyesha milimita 7 ikakaa kimya kwa siku kumi na tano. Nao mwaka kama huo ndio unaotumaliza kidogo kidogo, bila ndege kuja wala gazeti kuandika. Hata ukame mkubwa wa juzi, uliotwaa misimu mitano mfululizo tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022 katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya, haukuanza kwa kishindo. Ulianza kwa msimu mmoja mbaya ambao kila mtu alisema utapita.

TAREHE 14 OKTOBA. Jua kali. Kopo kavu.

Jirani zetu wa Tanzania leo humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London siku hii mwaka 1999. Sisi tunaopenda lugha ya Kiswahili tuna sababu yetu ya kumkumbuka: alikuwa Rais aliyepata nafasi ya kufasiri Shakespeare. Mchezo wa Juliasi Kaizari aliutoa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Makarani tunaosema hatuna wakati wa kusoma tuinamishe vichwa.

Na kwa kuwa tumemtaja Kaizari, tuingie katika kalenda yenyewe, maana ndiye aliyeweka ile iliyotumiwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,600. Aliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo. Alikosea kwa dakika 11 hivi tu kila mwaka. Nani angejali dakika 11? Lakini zilijikusanya miaka kwa miaka, hata kufikia mwaka 1582 kalenda ilikuwa imeachana na jua kwa siku kumi, na Pasaka ikawa inahesabiwa vibaya. Papa Gregori wa Kumi na Tatu akaamuru siku kumi zirukwe. Basi katika Italia, Hispania na Ureno watu walilala usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, wakaamka asubuhi ya tarehe 15 Oktoba. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku ule ule, na sikukuu yake huadhimishwa kesho, tarehe 15. Waingereza walikataa kumfuata Papa hata mwaka 1752, na kufikia hapo ikawabidi kuruka siku kumi na moja.

Haba na haba hujaza kibaba, twafundishwa tukiwa watoto. Lakini hatufundishwi ya kuwa makosa nayo hujaza kibaba kwa njia ile ile.

TAREHE 15 OKTOBA. Jua. Upepo wa vumbi alasiri. Kopo kavu. Siku ya tatu.

Leo ni siku ya kimataifa ya wanawake wa mashambani. Badala ya kuwasifu, na tuwafanyie hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la bati la mita 8 kwa mita 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, ni lita 960, ijapokuwa kiasi fulani hupotea. Hiyo ni mitungi 48 ya lita ishirini. Msomaji mwenye mke au mama anayeteka maji mtoni na ajiulize: mitungi 48 ni safari ngapi, na ni siku ngapi za mgongo wa mtu? Kisha atazame paa lake, kama lina mfereji na tangi, au kama maji yale huanguka chini na kuchimba shimo mbele ya mlango. Mfereji wa bati wafaa kufungwa kabla ya mvua, si wakati mawingu yamekwisha pasuka.

TAREHE 16 OKTOBA. Mawingu asubuhi, yakaondoka. Kopo kavu.

Ni Siku ya Chakula Duniani, kwa kuwa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzishwa siku hii mwaka 1945 katika mji wa Quebec, Kanada. Mimi siku hii hukumbuka jambo la karibu zaidi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini. Mahindi hayo hayakuibwa wala kutiwa sumu na adui. Yaliwekwa yakiwa hayajakauka.

Vuli inapokaribia, kagueni maghala. Paa linalovuja na lizibwe leo. Gunia lisikae juu ya sakafu tupu wala lisiegemee ukuta. Kwa anayetaka kujua kama mahindi yamekauka, njia ni hii: chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ubavu wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Chumvi isipoganda, yamekauka kiasi cha kuwekwa. Na mahindi yaliyokwisha ota kuvu yasiliwe na mtu, wala asipewe kuku kwa huruma.

TAREHE 17 OKTOBA. Jua kali kupita siku zote. Kopo kavu. Siku ya tano tangu manyunyu.

Mama alipiga simu mapema. Amefukua mbegu tatu katika shamba lake kwa kidole. Zote tatu kavu na ngumu, kama zilivyotoka katika debe. Manyunyu yale hayakuzifikia. Kisha yule kijana jirani akamwita aje atazame shamba lake. Mbegu zake zilikuwa zimevimba, zimepasuka, zimetoa kimzizi kama uzi mweupe, na uzi ule umekauka.

"Alisema nini?" nikamwuliza mama.

"Hakusema neno. Alizifukia tena, kana kwamba hakuziona."

Hapa ndipo ilipo hatari ya mvua ndogo, na naomba kila mkulima aliweke neno hili moyoni. Mbegu iliyo katika vumbi kavu imelala. Yaweza kungoja, mradi mchwa na kwale wasiifikie. Mbegu iliyo katika ardhi iliyolowa kweli kweli huota na kuendelea. Lakini mbegu iliyoloweshwa nusu huamshwa usingizini, kisha ikanyimwa chakula. Haina njia ya kulala tena. Wataalamu wa hali ya hewa huwa na kipimo chao cha kusema msimu umeanza: yapata milimita 20 ndani ya siku moja, mbili au tatu, bila kufuatwa na ukame mrefu. Sehemu ya pili ya kanuni hiyo hakuna mtu awezaye kuiona siku ya kupanda, na ndiyo sababu mama aligawa debe lake.

TAREHE 18 OKTOBA. Joto zito, mawingu meusi upande wa mashariki tangu adhuhuri. Kumbikumbi wametoka jioni na kuizunguka taa. Ndege yule wa sauti tatu zinazoshuka, tumsikiaye kila mwaka kabla ya mvua, ameita tangu alfajiri.

Ni sikukuu ya Mtakatifu Luka, mwandishi wa Injili, ambaye Mtume Paulo alimwita tabibu mpendwa. Katika shule ya misheni niliyosoma, mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akitupeleka kila siku saa tatu asubuhi kwenye kipimamvua nyuma ya bweni. Hata wakati wa kiangazi, kipimo kikiwa kitupu miezi mizima, ilitubidi kuandika sifuri na kutia sahihi. Tulimcheka. Siku moja nilimwuliza faida ya kuandika sifuri. Akanijibu, "Asiyeandika sifuri hawezi kujua kama siku ile haikunyesha, au yeye hakutazama." Nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi sasa, na sijasikia mafundisho ya kazi yaliyo bora kuliko hayo.

TAREHE 19 OKTOBA. Mvua kubwa tangu saa nne usiku hata alfajiri. Kopo la mama, saa tatu asubuhi: milimita 31.

Kwa ekari moja, hizo ni zaidi ya lita 120,000. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini uhakika wake ni kopo. Mjukuu alipima mara mbili kwa rula yake ya shule, kwa kuwa mama hakumwamini mara ya kwanza. Niliomba ruhusa ofisini, nikapanda matatu ya jioni.

Njiani nilitazama vilima. Mahali palipo na matuta ya fanya juu, maji yalikuwa yamesimama nyuma ya kila tuta, yakinywewa taratibu. Mahali pasipo na matuta, mito myekundu ilikuwa ikiteremka hata barabarani, ikichukua samadi ya mwenye shamba bila kumlipa. Neno hili fanya juu, maana yake chimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko, limeingia katika vitabu vya kilimo vya Kizungu bila kufasiriwa, nalo ni la kwetu. Matuta hayo yalienea sana Machakos tangu miaka ya 1950. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilazimishwa kuchimba matuta ya namna nyingine, wakayachukia. Walipopata namna iliyowafaa, na shamba likawa lao, wakachimba bila kusukumwa.

TAREHE 20 OKTOBA. Asubuhi ya baridi nzuri. Milimita 4 zaidi. Ardhi imelowa hata kina cha kiganja.

Ni Siku ya Mashujaa, iliyoitwa Siku ya Kenyatta hata Katiba ya mwaka 2010 ilipoibadili jina. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikawakamata Jomo Kenyatta na wenzake, miongoni mwao Paul Ngei, mwana wa Machakos, kisha wakahukumiwa Kapenguria. Sisi wa huku hatumsahau pia Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kwenda Nairobi kwa miguu mwaka 1938, kulalamika kwa Gavana juu ya mifugo yao iliyotwaliwa na kuuzwa kwa bei duni. Alipelekwa kifungoni Lamu, lakini ng'ombe zilirudishwa.

Sisi tuliiadhimisha siku hii shambani. Tulipanda nusu ya pili ya debe kabla ya jua kuwa kali, mahindi katika mstari mmoja, kunde katika mstari wa pili. Tulipofika kwenye vibaba vya mwisho, mama aliniambia niache. Akakitia kibaba kimoja na nusu katika kikapu, akampelekea yule kijana jirani. Sikupenda, nasema kweli. Nilimwambia, "Mama, hii ndiyo akiba ya kurudishia mashimo yatakayokosa kuota."

Akanijibu, "Yeye naye ni shimo lililokosa kuota. Ana mke mja mzito. Mwaka kesho atakuwa na daftari?"

Kijana akaja jioni kushukuru. Sikumhubiria. Nilimwonyesha tu jinsi ya kutengeneza kipimamvua cha bure: chukua kopo lenye ubavu wima, lisilo pana chini wala juu, lisimike mahali pa wazi, mbali na miti na paa, lisianguke kwa upepo, kila siku saa tatu asubuhi tia rula, usome milimita, uandike, kisha umwage. Upana wa kopo haudhuru, mradi ubavu uwe wima. Ikiwa hakuna kitu, andika sifuri.

Akaniuliza kama daftari litamwambia siku ya kupanda. Nikamjibu kwa uaminifu ya kuwa halitamwambia. Sijui mimi kama mvua hii itaendelea, wala daftari langu halijui. Taarifa za Idara ya Hali ya Hewa husaidia, nazo zafaa kusikilizwa kila msimu, lakini nazo hutaja majimbo mazima, wala hazilijui shamba lako. Faida ya daftari ni kumwonyesha mtu makosa gani huja mara nyingi kijijini kwake, ili asiweke mbegu yake yote katika kosa moja. Msemo wa wafanya biashara ni kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua ndiyo mali ya mkulima, nasi tumeiacha ikipita miaka yote bila stakabadhi.

Nilipokuwa nikiondoka kurudi mjini, mama alinisindikiza hata kando ya barabara. Hakuniuliza habari za kazi wala za watoto. Aliuliza, "Zile nne za leo umeziandika?"

Nilikuwa sijaziandika. Nimeziandika sasa.

Wasomaji wangu, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Na yeyote mwenye kopo lenye ubavu wima nyumbani kwake leo asilitupe.